ALIZETI NA MTI WA SHAMBANI

Huko Kinyangiri, katika wilaya ya Mkalama, mkoa wa Singida, mvua huanza kunyesha mwezi wa Novemba au Desemba, na ifikapo Mei imekwisha. Miezi iliyobaki ni ya jua na upepo. Kwa hiyo alizeti yafaa sana katika nchi ile, maana mzizi wake mkuu hushuka chini sana kutafuta maji, nayo huvumilia ukame kuliko mahindi.

Basi mkulima afyekapo shamba jipya hukuta miti imesimama humo. Je, aikate yote, au aiache?

Mwanafunzi mmoja atajibu, “Aikate, kwa kuwa alizeti ni mmea wa jua.” Hakukosa. Alizeti iliyo katika kivuli kizito hurefuka kama mtu achunguliaye juu ya ukuta: shina jembamba, kichwa kidogo, na mbegu nyingi ni makapi. Tena ndege hukaa mtini wakingoja mbegu zikomae, na mtoto aliyepata kuamia ndege aijua taabu yake.

Lakini sikilizeni habari za Kongwa, katika mkoa wa Dodoma. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga, ili ipate mafuta. Ilikusudia kulima ekari zaidi ya milioni 3. Trekta ziling'oa pori, visiki na mizizi. Mvua ikawa haba, na udongo ulipokauka ukawa mgumu kama sakafu. Walijaribu alizeti pia, nayo ikapatwa na ukame. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na hasara ilikuwa kama pauni milioni 36. Sababu zilikuwa nyingi, wala si kukata miti peke yake. Lakini nchi kame iliyovuliwa nguo zake zote haikuwalipa.

Mti shambani hupunguza nguvu za upepo, na majani yake yaangukayo huwa mbolea. Nyuki nao hupata mahali pa kukaa. Angalieni kichwa cha alizeti kwa karibu: si ua moja, bali ni mamia ya maua madogo yaliyokaa pamoja, na nyuki wapitao juu yake huchukua chavua, ndipo mbegu zijae vema.

Neno kubwa, basi, ni kujua mti gani uachwe. Kuna mgunga mmoja ambao wataalamu wa mimea huuita Faidherbia albida. Tabia yake ni kinyume cha miti mingine: mvua zinapoanza hupukutisha majani, na wakati wa kiangazi huwa na majani mabichi. Hivyo mazao yaliyo chini yake hupata jua wakati yanapolihitaji, na mbuzi na ng'ombe hupata kivuli na maganda ya kula wakati majani ya malisho yamekwisha. Mizizi yake pia husaidia kutia udongo rutuba.

Asiye na mgunga huo asikate tamaa. Shambani mna visiki vingi vilivyo hai, navyo huchipua kila mwaka. Mkulima huchagua machipukizi machache yaliyonyoka, hukata mengine, kisha huyafunga kitambaa yale aliyoyachagua ili mchungaji asiyaharibu. Mkoani Dodoma kazi hii huitwa Kisiki Hai. Mti ukikua, matawi ya chini hukatwa kabla ya kupanda, ili jua lipenye. Nayo hufaa kuwa kuni. Miti isisongamane.

Mkitaka kupima maneno haya, ngojeni wakati wa mavuno. Chukueni vichwa kumi vya alizeti vilivyo karibu na shina la mti, kumi vilivyo mwisho wa matawi yake, na kumi vya mahali pa wazi. Pureni kila fungu peke yake, pepeteni makapi, kisha pimeni mbegu kwa mizani, mkaandike hesabu yake. Mwaka wa pili pogoleni mti uleule, mpime tena.