Jinsi ya Kupata Mahali pa Juu pa Kuutazama Mji wa Nyeri na Mlima Kenya

Mgeni wa Tokyo hupanda lifti bila malipo katika jengo la serikali ya jiji huko Shinjuku, akafika mita 202 juu ya barabara na kuanza kuutafuta Mlima Fuji. Nyeri haina mnara wa namna hiyo. Ina kilima, mabonde na magorofa machache, na kosa la kawaida ni kukimbilia mahali palipo juu kuliko pote. Urefu wa mahali ni sharti moja tu. Mengine ni uwazi, mwanga na ruhusa, nayo hupimwa kwa utaratibu ufuatao. Usiruke hatua.

Maneno matatu yatatumika hadi mwisho. *Kituo* ni mahali unaposimama kutazama. *Mstari wa jicho* ni mstari mnyoofu kutoka kwenye jicho lako hadi kilele cha Mlima Kenya. *Kizuizi* ni chochote kinachokatiza mstari huo.

Vifaa: ramani ya kontua ya kipimo cha 1:50,000 kutoka Idara ya Upimaji ya Kenya, rula ya sentimita 30, kipimapembe, dira (ya simu inatosha), darubini ya mkono, chupa angavu ya lita 1 yenye maji nusu, daftari na penseli, kitambulisho, sweta na koti la mvua. Maji ya kunywa yawe kwenye chupa nyingine.

1. Chagua msimu, kisha siku. Januari na Februari ndiyo miezi ya kwanza kujaribu. Epuka Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba mapema, kwa sababu ya mvua. Juni hadi Agosti huwadanganya wengi: kalenda husema ni kiangazi, lakini upande huu wa mlima ukungu na manyunyu huweza kukaa siku nzima. Uhakiki: jioni ya siku iliyotangulia, tazama kaskazini mashariki. Ukiona nyota hadi karibu na upeo wa macho, endelea. Usipoziona, ahirisha.

2. Chora mstari wa jicho kwenye ramani. Kutoka katikati ya mji wa Nyeri, piga mstari wa digrii 53 kutoka kaskazini kuelekea mashariki. Huo ndio uelekeo wa Batian, kilele cha mita 5,199, kilicho umbali wa kilomita 50 hivi. Sentimita 2 za ramani hiyo ni kilomita 1, kwa hiyo mstari utatoka nje ya karatasi; usijali, vizuizi vinavyokusumbua viko katika kilomita za kwanza. Zungushia duara kila kontua inayokatizwa na mstari ambayo iko juu kuliko kituo unachofikiria. Uhakiki: pima pembe tena kwa kuanzia upande wa pili wa kipimapembe. Majibu yasipishane kwa zaidi ya digrii 1.

3. Orodhesha vituo visivyozidi vinne. Kwa Nyeri ningeanza na hivi. Kwanza, mteremko wa mashariki wa Kilima cha Nyeri, kwa kuwa mji uko chini yake na mlima uko mbele. Pili, kingo za bonde la mto Chania upande wa hoteli ya Outspan. Baden-Powell, mwasisi wa skauti, aliishi humo katika nyumba ndogo ya Paxtu hadi alipofariki Januari 1941, na mlima ulikuwa mbele ya macho yake. Tatu, paa la gorofa moja refu katikati ya mji. Nafasi ya nne iache wazi. Mara nyingi hujazwa na mahali utakapotajiwa na mwendesha bodaboda.

4. Omba ruhusa kabla ya siku yenyewe. Kwa msitu wa kilima, nenda ofisi ya Shirika la Huduma za Misitu (KFS), uulize njia iliyo wazi, ada, na kama unahitaji kuongozana na askari wa msitu. Hotelini, uliza mapokezi. Kununua chai ni adabu, si hongo. Kwenye gorofa, anza na mlinzi wa mlangoni, naye akupeleke kwa msimamizi. Sema wazi: "Mzee, naomba kupanda juu kuutazama mlima kwa dakika ishirini, kesho asubuhi." Taja muda na utoe kitambulisho; mtu asiyejua utakaa kwa muda gani hukataa. Droni ni habari nyingine: hairuhusiwi bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (KCAA). Usielekeze kamera kwenye gereza la King'ong'o wala kwenye mitambo ya mawasiliano iliyozungushiwa uzio.

5. Fika kituoni saa 11:45 alfajiri. Jua huchomoza karibu saa 12:30, na mawingu mara nyingi huanza kuufunika mlima kabla ya saa 4:00 asubuhi. Anayefika saa 3:00 amechelewa, hata kama anga juu ya kichwa chake ni samawati.

6. Tafuta mstari wa usawa. Laza chupa yenye maji nusu juu ya ukuta au jiwe, kisha inama hadi jicho lilingane na uso wa maji. Chochote unachokiona juu ya uso huo kiko juu ya jicho lako. Uhakiki: geuza chupa, mdomo uelekee upande wa pili, na utazame tena. Alama uliyoiona mbali isihame.

7. Pima kila kizuizi kwa kanuni ya 1 kwa 15. Hapa ndipo vituo vingi huanguka. Kutoka Nyeri, iliyo kwenye kimo cha mita 1,750 hivi, Batian hupanda chini ya digrii 4 tu juu ya mstari wa usawa: upana wa vidole viwili na kidogo, mkono ukiwa umenyooshwa. Mlima huo ni mkubwa, lakini uko mbali. Kwa hiyo kizuizi ambacho urefu wake juu ya jicho unafikia sehemu moja ya kumi na tano ya umbali wake huufunika mlima wote. Gorofa inayozidi jicho lako kwa mita 10 ikiwa mita 150 mbele yako inatosha. Mkaratusi unaozidi kwa mita 5 ukiwa mita 75 mbele unatosha pia.

Hesabu umbali kwa miguu: hatua 200 za mtu mzima ni karibu mita 150. Gawanya umbali kwa 15, linganisha na urefu wa kizuizi juu ya uso wa maji ya chupa, kisha andika "pita" au "anguka". Usiandike "labda".

Kanuni hii hueleza kwa nini mtu aliyepanda hadi ndani ya msitu wa Kilima cha Nyeri huweza kuona kidogo kuliko aliyeketi kwenye bustani ya hoteli chini. Miti iliyo mita 10 mbele yake inahitaji kuzidi jicho lake kwa sentimita 67 tu. Kwenye mteremko, tafuta uwazi uliopo, usikate tawi.

8. Tambua vilele kwa darubini. Batian uko kushoto na Nelion, wa mita 5,188, kulia kwake, vikiwa vimeshikana. Lenana, wa mita 4,985, uko chini zaidi, kulia. Chora umbo la mlima kwenye daftari hata kama huna kipaji. Mfungwa wa vita Mwitaliano Felice Benuzzi, aliyetoroka kambi ya Nanyuki Januari 1943 na wenzake wawili ili kuupanda mlima huu, alitegemea sana yale ambayo macho yake yaliyasoma kutoka kambini. Uhakiki: ukitambua vilele vyote vitatu, kituo kimepita kwa mlima.

9. Rudi kituo hichohicho saa 10:30 alasiri. Asubuhi jua huchomoza kulia kwa mlima, nao huonekana kama kivuli cheusi, na mji hupotea kwenye mng'ao. Alasiri jua liko nyuma yako, upande wa milima ya Nyandarua, na mapaa ya mabati yanasomeka moja moja. Subiri hadi saa 12:15 jioni; mawingu yakiachana, upande wa mlima unaoelekea Nyeri hupata mwanga wa mbele. Kituo kilichopita asubuhi na alasiri kipewe alama 2, kilichopita mara moja alama 1. Vikilingana, chagua chenye ruhusa rahisi.

10. Badilisha namba unapohamia mji mwingine. Karatina: mlima uko digrii 28, kilomita 42 hivi, kituo cha kwanza kujaribu ni kilima cha Tumutumu, ambacho chini yake kuna hospitali ya kanisa la PCEA. Nanyuki: mlima uko kusini mashariki, digrii 125, kilomita 32 hivi, na hupanda karibu digrii 6, kwa hiyo tumia kanuni ya 1 kwa 10. Huko Desemba na Januari jua huchomoza karibu na mlima wenyewe. Usiielekeze darubini upande huo jua linapokaribia kuchomoza wala baada ya hapo.