Fildi Haisainiwi Nyumbani: Stashahada ya Famasia kwa Mzazi na Mwanafunzi

Kijitabu hiki kimetokana na malalamiko. Kila msimu wa mafunzo kwa vitendo, yaani fildi, unapokaribia, ofisi yetu hupokea simu na barua za wazazi waliokasirika. Ada wamelipa, hosteli wamelipa, koti jeupe wamenunua, na sasa mtoto anadai nauli, kodi ya chumba na hela ya kula ili akakae wiki kadhaa kwenye hospitali ya wilaya ambako hana ndugu. Wanauliza: anakwenda kufanya nini huko ambacho hakifanyiki chuoni? Wengine huomba waziwazi kwamba kitabu chake cha fildi kisainiwe na duka la dawa la mtaani, abaki nyumbani, gharama iishe.

Swali lao ni la haki na tutalijibu kwa kirefu. Ombi lao halikubaliki. Mwanafunzi ambaye hakwenda fildi asisainiwe, na anayemsainia anashiriki udanganyifu. Tunalisema hapa mwanzoni, na tutalisema tena.

Miaka mitatu

Wengi wanadhani kozi hii ni ya kukariri majina ya dawa na bei zake. Ingekuwa hivyo, ingetosha miezi mitatu. Stashahada ya Sayansi ya Famasia hapa Tanzania ni miaka mitatu: mwaka wa kwanza unaishia ngazi ya 4 ya tuzo za taifa za ufundi (NTA), wa pili ngazi ya 5, wa tatu ngazi ya 6, ambayo ndiyo stashahada yenyewe. Anayehitimu na kusajiliwa anaitwa fundi dawa sanifu. Si mfamasia. Mfamasia ana shahada, iliyomchukua miaka minne ya chuo kikuu na mwaka mmoja wa mafunzo ya uangalizi kazini. Hata hivyo, katika zahanati na vituo vingi vya afya vijijini, anayesimama nyuma ya dirisha la dawa ni fundi dawa sanifu au msaidizi wake, na mara nyingi juu yake hakuna mfamasia wa kumuuliza. Kwa hiyo tunataka ajue kazi kabla hajakabidhiwa dirisha hilo.

Darasani anaanza na mwili wa binadamu: ini linavyovunja dawa, figo zinavyoitoa, moyo unavyoitikia. Anasoma vijidudu na namna vinavyozoea dawa tunapozitumia ovyo. Anasoma kemia ya dawa, mimea ya dawa, maadili ya kazi na sheria zinazotawala taaluma. Masomo haya hatutayaeleza moja moja. Mihtasari ipo vyuoni, na kila mwanafunzi ana haki ya kuonyeshwa wa kwake.

Maabara ya utengenezaji tutaieleza kidogo, kwa sababu ndiyo chuo kisicho makini hukimbilia kuifunga. Humo mwanafunzi anashika kinu na mchi, mizani na silinda ya kupimia. Anatengeneza marhamu, losheni na dawa ya maji kwa kiasi kidogo. Anatengeneza kitakasa mikono kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani: kwa lita 10, mililita 8333 za ethanoli ya asilimia 96, mililita 417 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, mililita 145 za gliserini ya asilimia 98, kisha maji yaliyochemshwa na kupoa hadi mstari wa lita 10. Anajifunza kwamba dawa ya klorini ya asilimia 3.5 ikitakiwa kuwa asilimia 0.5, huchanganywa kipimo kimoja cha dawa na vipimo sita vya maji. Wengi hukosea kwa kuweka vipimo saba. Mzazi anayetembelea chuo aombe kuonyeshwa maabara hii. Ikiwa chupa zina vumbi na mizani haina betri, ameshajibiwa.

Kilo nane

Hesabu za dawa ndizo zinazoangusha wanafunzi wengi, na ndizo zinazoweza kuua. Tuchukue mfano mmoja.

Mama ameleta mtoto mwenye homa. Mtoto amepimwa, ana kilo 8. Parasetamo inatolewa miligramu 15 kwa kila kilo, kwa hiyo mtoto anahitaji miligramu 120. Chupa iliyopo ina miligramu 120 ndani ya kila mililita 5. Jibu ni mililita 5, na mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza atalipata.

Sasa chupa hizo zimekwisha. Zimeletwa nyingine za dawa ileile, zenye rangi ileile na ladha ileile, lakini zina miligramu 250 ndani ya kila mililita 5. Mtoaji dawa aliyezoea kusema "mpe mililita tano" bila kusoma lebo atampa mtoto huyu zaidi ya mara mbili ya kipimo chake. Jibu sahihi ni mililita 2.4. Tena mama anaambiwa atumie kipimo kilichokuja na chupa au bomba la sindano lisilo na sindano, kwa sababu vijiko vya nyumbani havilingani.

Darasani swali hili lina chupa moja, na namba zake zimeandikwa ubaoni. Stoo ya hospitali ina chupa za viwanda vitatu kwenye rafu moja. Mwanafunzi atajifunza kugeuza chupa na kusoma lebo pale tu ambapo chupa zimebadilika bila yeye kuambiwa, na mahali hapo ni fildi.

Dirishani

Kutoa dawa kuna hatua, na hakuna hatua ya kurukwa. Mwanafunzi anapokea cheti cha dawa na kukisoma chote: jina, umri, uzito, dawa, nguvu ya dawa, kipimo, siku, saini ya aliyeandika. Kisichosomeka hakikisiwi. Anarudi kwa aliyeandika, hata kama foleni inanung'unika. Anamuuliza mgonjwa kama ana mzio, kama ni mjamzito au ananyonyesha, na dawa gani nyingine anatumia, za kienyeji zikiwemo. Anahesabu vidonge kwenye sinia la kuhesabia, si kiganjani. Anaandika bahasha. Mtu wa pili anakagua. Ndipo dawa inavuka dirisha.

Bahasha ni eneo tunalolisimamia kwa ukali. "1×3" peke yake haitoshi. Mgonjwa akisikia kutwa mara tatu anameza asubuhi, mchana na jioni baada ya milo yake, kisha usiku mzima mwili unakaa bila dawa. Kwa antibayotiki ya kila baada ya saa 8, mwanafunzi anafundishwa kutaja saa zenyewe: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Halafu anamwomba mgonjwa arudie maelekezo kwa maneno yake mwenyewe. Akikosea, anaelezwa upya, bila kufokewa.

Dawa mseto ya malaria, ile ALu ambayo nchi yetu iliichukua kuwa tiba ya kwanza mwaka 2006, inatolewa kwa uzito. Mtoto wa kilo 14 anameza kidonge kimoja kila mara, wa kilo 15 anameza viwili. Kilo moja inabadilisha kipimo, kwa hiyo uzito haukisiwi kwa macho. Dozi ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Imezwe pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, kwa sababu tumbo likiwa tupu dawa hiyo haifyonzwi vizuri. Mama anayeondoka dirishani bila kuambiwa hayo amepewa nusu ya tiba.

Mwanafunzi akishayafanya haya mbele ya msimamizi, na foleni ndefu ikimtazama, yanakuwa mazoea yake. Aliyesainiwa nyumbani hana mazoea hayo. Siku ya kwanza ya ajira atakuwa anajaribu kwa mtoto wa mtu.

Stoo na friji

Nusu ya kazi ya fundi dawa sanifu mgonjwa haioni kamwe. Ni leja, kadi za stoo, kuhesabu mali, kuagiza kutoka Bohari ya Dawa kabla akiba haijakauka, na kupanga rafu ili dawa inayokaribia kuisha muda itoke mbele ya nyingine hata kama iliingia baadaye. Mwanafunzi anajifunza kukokotoa matumizi ya mwezi na kutofautisha mwezi ambao dawa ilitumika kidogo na mwezi ambao haikuwepo. Anayeichanganya miezi hiyo ataagiza pungufu, na zahanati itakaa wiki nyingi bila dawa huku vitabu vikionyesha kwamba hali ni nzuri.

Friji inahitaji maneno yake. Oksitosini, sindano inayozuia mama kuvuja damu baada ya kujifungua, hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Ikikaa kwenye joto hupungua nguvu bila kubadilika rangi wala harufu. Mkunga ataichoma akiamini anaokoa maisha, na damu haitakoma. Kwa hiyo joto la friji linasomwa asubuhi na jioni na kuandikwa, kila siku, sikukuu zikiwemo. Umeme ukikatika, mlango wa friji haufunguliwi ovyo na mpango wa kuhamisha dawa unaanza kabla barafu haijayeyuka. Wakaguzi wetu wamekuta karatasi za joto ambazo mwezi mzima zimejazwa kwa kalamu moja, kwa mwandiko mmoja, zote nyuzi 5. Tumezikataa, na tunajivunia kuzikataa. Kazi hiyo imetupatia maadui, na hatutaiacha.

Dawa tiba zenye asili ya kulevya, kama mofini na pethidini, hukaa kwenye kabati lenye kufuli na daftari lake la pekee. Kila ampuli inayotoka inaandikwa jina la mgonjwa, aliyeagiza, aliyetoa na salio. Mwanafunzi haachiwi funguo. Anatazama, anahesabu salio pamoja na msimamizi, na anajifunza kwamba ampuli moja isiyoonekana inaripotiwa siku hiyohiyo.

Kitabu cha fildi

Kitabu cha fildi kinajazwa na mwanafunzi mwenyewe, siku ambayo kazi imefanyika, na kinasainiwa na msimamizi aliyeiona kazi hiyo ikifanyika. Hakijazwi usiku wa kuamkia kurudi chuoni. Hakisainiwi kwa mkupuo. Hakipelekwi kwa mjomba mwenye duka la dawa.

Tunazijua mbinu zote. Tunawajua wanaouza mihuri. Tunajua pia kwamba vipo vituo vinavyompa mwanafunzi ufagio na kazi ya kupeleka chai badala ya kumfundisha, na hilo nalo ni kosa; mwanafunzi aliandike kitabuni na alifikishe chuoni mapema, si wiki ya mwisho. Msimamizi asiyeweza kumkumbuka mwanafunzi aliyemsainia ajue kwamba tutampigia simu, na swali la kwanza litakuwa hilo.

Mzazi anayeona gharama ni kubwa azungumze na chuo kuhusu kituo kilicho karibu na ndugu, kabla wanafunzi hawajapangwa. Vyuo vingi husikiliza ombi hilo likija mapema. Kubadilisha kituo kunawezekana. Kufuta fildi hakuwezekani.

Kabla ya kulipa ada

Sifa za kujiunga ni fupi: kidato cha nne, ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, Kemia na Baiolojia zikiwemo. Mengine yapo kwenye mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi; mwongozo huo hubadilika, usomwe wa mwaka husika.

La kuzingatia zaidi ni chuo chenyewe. Kiwe kimesajiliwa na NACTVET na programu yake ya famasia iwe imepata ithibati; chuo kinaweza kuwa halali na programu hii isiwe halali. Hakiki kwa NACTVET na kwa Baraza la Famasi, lililoundwa chini ya Sheria ya Famasi, Sura ya 311. Usihakiki kwa kipeperushi, wala kwa kijana aliyesimama stendi na fomu. Bila usajili wa Baraza, mhitimu haruhusiwi kufanya kazi ya famasia, hata awe na cheti cha rangi gani.

Pia msichanganye stashahada hii na mafunzo mafupi ya watoa dawa wa Maduka ya Dawa Muhimu, yale maduka yaliyoanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003. Hayo yana walengwa wake, yana mipaka yake ya dawa, na hayamfanyi mtu kuwa fundi dawa sanifu. Anayekuahidi stashahada ya famasia ndani ya miezi sita anakuibia.

Mwenye malalamiko juu ya chuo au kituo cha fildi alete stakabadhi za malipo, barua ya kupangiwa kituo na kitabu cha fildi chenyewe, si nakala yake. Mwanafunzi anaweza kuja bila mzazi. Jina lake halitapelekwa chuoni bila ridhaa yake.