Jenasi ya Vibrio: Uainishaji na Maana Yake kwa Mji wa Mpakani

Mji wa Tunduma, katika Mkoa wa Songwe, umetazamana na Nakonde ya Zambia. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lusaka hupita hapo, na kila siku watu huvuka mpaka kwenda sokoni, kazini na kwa jamaa zao. Kipindupindu huweza kuvuka pamoja nao. Mlipuko ulioanza Zambia Oktoba 2023 uliua watu zaidi ya 700. Katika mji kama huu, haitoshi maabara kusema kwamba mgonjwa ana bakteria. Yapasa iseme ni bakteria gani hasa. Hiyo ndiyo kazi ya uainishaji.

Sifa za jenasi

Vibrio imo katika familia ya Vibrionaceae. Seli zake ni fimbo fupi, aghalabu zilizopinda mfano wa alama ya mkato, nazo huogelea upesi kwa mkia mwembamba uitwao flajela. Katika jaribio la Gram hazihifadhi rangi ya zambarau, yaani ni Gram-hasi. Huishi penye oksijeni na pasipo oksijeni. Karibu spishi zote zina kimeng'enya kiitwacho oksidasi. Sifa hii huzitenga na Escherichia na Salmonella, ambazo hazina.

Spishi nyingi za jenasi hii ni za baharini na huhitaji chumvi. Vibrio cholerae huhitaji chumvi kidogo mno, hata huweza kuishi katika maji baridi. Ndiyo sababu jenasi yenye asili ya bahari huweza kuudhuru mji wa bara, mamia ya kilometa kutoka pwani.

Ndani ya spishi

Filippo Pacini aliieleza Vibrio cholerae mwaka 1854, naye Robert Koch akaitambua kuwa chanzo cha kipindupindu miaka ya 1883 na 1884. Leo spishi hiyo imegawanywa katika makundi zaidi ya 200, kwa kufuata sukari zilizo juu ya ukuta wa seli. Makundi mawili tu, O1 na O139, ndiyo yaliyosababisha milipuko mikubwa. Aina ya El Tor, iliyo katika kundi la O1, ilienea kutoka Indonesia mwaka 1961, ikafika Afrika mwaka 1970.

Hata kundi peke yake halitoshi. Ili kuleta kipindupindu, bakteria huyo lazima awe na jeni za sumu ambayo huzifanya seli za utumbo kumwaga maji na chumvi. Mwaka 1996 iligunduliwa kwamba jeni hizo huletwa na kirusi kinachoambukiza bakteria.

Matumizi

Tiba haingojei jina: anayeharisha sana hupewa mara moja maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo sahihi, na aliyezidiwa hutiwa maji mshipani. Lakini jina kamili ndilo liwaambialo viongozi wa pande zote mbili za mpaka kama mlipuko umeanza, na kama visima vitibiwe leo.

Maswali

1. Taja sifa tatu za Vibrio.
2. Kwa nini si kila Vibrio cholerae huleta kipindupindu?
3. Kwa nini tiba hutangulia jibu la maabara?