Maji ya Nyumba Mpya: Yajue Kwanza, Kisha Ununue Chujio

Ndugu mkulima, umekwisha kupata kipande chako, mipaka imepimwa, na nyumba imesimama. Sasa mama watoto anauliza: maji ya kunywa tutayafanyaje? Siku hizi katika maduka ya Thika na Ruiru mna vyombo vya kusafishia maji vya kila namna, vingine vya bei ya kuku, vingine vya bei ya ng'ombe wa maziwa, na kila muuzaji hukisifu chake. Katika somo la mwezi huu twataka kukuonyesha kwamba swali la kwanza si "Ninunue chombo gani?" Swali la kwanza ni "Maji yangu yana nini ndani yake?" Mtu asiyeyajua maji yake aweza kutoa fedha nyingi kwa chombo kizuri kisichomfaa kitu, na watoto wake wakaendelea kudhurika huku yeye akidhani wamo salama.

Maadui ni wawili, na hawafanani

Adui wa kwanza ni vijidudu, ambavyo macho hayavioni. Hivi huletwa na kinyesi cha watu na cha wanyama, navyo ndivyo viletavyo homa ya matumbo, kuhara, kuhara damu na kipindupindu. Msidhani kwamba hayo ni mambo ya zamani au ya mbali. Mwezi wa Oktoba 2022 kipindupindu kilizuka katika kaunti hii yetu ya Kiambu, baada ya sherehe ya harusi upande wa Limuru, kisha kikaenea katika kaunti nyingine nyingi za Kenya.

Adui wa pili ni chumvi ziyeyukazo kutoka katika mawe ya ardhini, na kwetu huku iliyo kubwa ni floraidi. Hiyo haina rangi, haina harufu, na ulimi hauitambui.

Kijidudu hufa kwa moto. Floraidi haijali moto. Ukilishika hilo, sehemu kubwa ya somo hili umekwisha kuielewa.

Kwa nini kisima kirefu chaweza kudanganya

Yatazame yale mawe ya Ndarugu ambayo wengi wenu mmejengea nyumba. Yalitokana na majivu ya volkano yaliyoganda zamani sana. Sehemu kubwa ya ardhi ya Thika, Juja na Ruiru ni ya mawe ya asili hiyo. Maji ya mvua yakishuka na kukaa muda mrefu kati ya mawe hayo, huyeyusha floraidi kidogo kidogo. Ndiyo sababu maji ya kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine, ambayo hutoka maangavu kama kioo, yaweza kuwa na floraidi nyingi kuliko maji ya mto Chania au mto Ruiru yenye rangi ya chai. Jambo hili huwapotosha watu wengi, kwa maana sote tumezoea kuyapima maji kwa macho. Tena visima viwili vya majirani vyaweza kutofautiana, kwa hiyo habari ya kisima cha jirani haitoshi.

Kipimo kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, na kilicho pia katika kanuni za Kenya, ni miligramu 1.5 za floraidi katika lita moja ya maji, isizidi hapo. Kidogo cha floraidi huyasaidia meno, kikizidi huyaharibu. Walio hatarini zaidi ni watoto tangu kuzaliwa mpaka umri wa miaka minane hivi, kwa sababu wakati huo meno yao ya ukubwani yanajengeka chini ya ufizi. Meno yakitoka na madoa ya kahawia, hapana mswaki utakaoyarudisha kuwa meupe. Na mtu akinywa maji yenye floraidi nyingi sana kwa miaka mingi, mifupa na viungo vyake huweza kukakamaa na kumletea maumivu. Mzazi huweza kulaumu uvivu wa mtoto kwa meno yale, kumbe aliyemletea madoa ni mtungi wa nyumbani.

Basi, kuchemsha kunafanya nini hapa? Ukiweka lita 5 jikoni ukazichemsha mpaka zikabaki 4, floraidi yote iliyokuwa katika lita 5 sasa imo katika lita 4. Kilichoondoka ni mvuke peke yake. Dawa ya klorini haiiondoi, chujio la udongo au la mchanga haliiondoi, na zile taa ziuazo vijidudu haziigusi. Vyombo hivyo vyote ni vyema kwa kazi yake, lakini kazi yake si hii.

Yapime maji

Ikiwa maji yako yatoka katika kisima kirefu, usinunue chochote kabla hujayapima. Kisima kikiwa ni cha ushirika wa wakulima au cha mtu auzaye maji, uliza kwanza karatasi ya upimaji. Aliyechimba kwa ruhusa ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji yapasa awe nayo, nawe usione haya kuiomba, kwa maana watakaoyanywa ni watoto wako. Ikiwa haipo, peleka maji katika maabara ya maji. Uliza kabla ya kwenda chupa ya namna gani yatakiwa na maji yafikishwe kwa muda gani, maana maji ya kupimwa vijidudu hutaka chupa maalumu na haraka, bali ya floraidi hayana masharti makali hivyo. Taja wazi kwamba wataka floraidi ipimwe.

Ikiwa maji yako ni ya mto, ya kisima kifupi, ya mvua au ya bomba

Hapa adui wako hasa ni vijidudu. Hata maji ya bomba, ambayo kampuni za maji za Thika na za Ruiru na Juja huyatia dawa, huweza kuchafuka yakilala siku nyingi katika tangi lisilofunikwa.

Maji yenye matope yaache yatulie usiku kucha, kisha uyamimine polepole kupitia kitambaa safi kilichokunjwa. Usiruke hatua hiyo, kwa kuwa matope huidhoofisha dawa na huyaziba machujio.

Kuchemsha ni njia ya kale na ya kuaminika. Huku kwetu, kwa sababu ya mwinuko wa nchi, maji hutokota kabla ya kufika nyuzi 100, lakini hayo yatosha kuviua vijidudu. Ngoja tu mpaka yatokote kwa nguvu. Hasara yake ni kuni na makaa. Klorini ni rahisi kwa bei: fuata kipimo kilichoandikwa katika chupa, koroga, funika, ngoja nusu saa. Jua nalo hufanya kazi bila gharama. Jaza maji maangavu katika chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, uilaze juu ya bati kwa saa 6 za jua kali, au siku mbili kukiwa na mawingu. Mwezi wa Julai, mnaoishi huku mwajua wenyewe, jua si la kutegemewa.

Chujio la udongo wa kuchomwa hutoa maji kidogo kidogo na lataka kusuguliwa mara kwa mara. Likipata ufa, hata mwembamba kama unywele, halifai tena. Chujio la mchanga hutoa maji mengi zaidi, ila hutaka majuma kadhaa ndipo likomae, haliachwi likauke, na maji yake ni bora kuyatia klorini baadaye.

Ikiwa floraidi imezidi

Kwanza hesabu maji unayohitaji. Hapana haja ya kuondoa floraidi katika maji ya kuogea, ya kufulia wala ya kuoshea sakafu. Ni ya kunywa na kupikia tu. Jamaa ya watu 6, kila mtu lita 4 kwa siku, ni lita 24. Muuzaji akikutaka ununue mtambo wa nyumba nzima, mwonyeshe hesabu hiyo.

Njia ambayo sisi twaiona kuwa ya kwanza kwa mkulima ni kuchanganya na maji ya mvua, kwa maana maji ya mvua karibu hayana floraidi. Tuseme kisima chako kina miligramu 2.4. Ukichanganya mtungi mmoja wa kisima na mtungi mmoja wa mvua, wapata 1.2, nawe umo ndani ya kipimo. Ikiwa kisima kina 4, tia mitungi miwili ya mvua kwa mmoja wa kisima, wapata 1.3 na kidogo. Nusu kwa nusu, jamaa yetu ya watu 6 yahitaji lita 12 za mvua kwa siku. Tangu Juni mpaka katikati ya Oktoba, ambacho ndicho kiangazi kirefu, ni siku 135 hivi, yaani lita 1,620. Tangi la lita 2,000 latosha. Na paa la mabati la mita za mraba 50, likipata mvua ya milimita 50, huleta lita 2,500. Hata ikipotea sehemu moja katika tano, tangi limejaa. Mvua ya kwanza ya msimu iache imwagike, ioshe vumbi na mavi ya ndege, kisha ndipo ugeuze mfereji uelekee tangini. Baada ya kuchanganya, tia klorini au chemsha kama kawaida.

Ikiwa huna paa la kutosha, liko chujio la mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri maalumu, ikasagwa chembe chembe, na chembe hizo huishika floraidi. Kazi hiyo imefanywa kwa miaka mingi na Dayosisi Katoliki ya Nakuru, na kwa jirani zetu Tanzania katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto karibu na Arusha. Usijaribu kuichoma mwenyewe nyuma ya jiko: mifupa iliyochomwa vibaya huyatia maji harufu mbaya, tena huenda isishike kitu. Nao mkaa huo huchoka. Ukichoka, maji yatapita kama yalivyoingia, bila kukupa dalili yoyote, kwa hiyo hapana budi kuyapima tena na kuubadilisha.

Ya tatu ni mashine isukumayo maji kupita katika utando mwembamba sana. Huiondoa floraidi vizuri, lakini hutaka nguvu ya maji na mara nyingi umeme, utando wake hubadilishwa kwa fedha, na kwa kila lita safi hutupa maji mengine, mara nyingi kuliko lita moja. Kingia maji hayo ndoo, yatafulia nguo.

Ikiwa kisima chenu kina floraidi nyingi, punguza pia magadi ya kulainishia maharagwe, maana nayo huweza kuwa na floraidi, na watoto wadogo usiwazoeze chai ya rangi nzito.

Maji yakiisha kusafishwa, yaweke katika chombo chenye kifuniko na bilula. Mkono na kikombe visiingie ndani.

Na siku utakapokwenda dukani, chukua karatasi yako ya upimaji. Mwulize muuzaji: chombo hiki chaondoa vijidudu, au floraidi, au vyote viwili? Sehemu ipi hubadilishwa, baada ya lita ngapi, kwa shilingi ngapi, na yapatikana hapa hapa Thika? Ikiwa ni chombo cha floraidi, patana naye kwa maandishi kwamba maji yatapimwa baada ya kupita ndani yake, na kwamba yakizidi 1.5 atakirudisha chombo na kukupa fedha zako.