Je, Mwalimu wa Chuo Chetu Ameridhika?

SOMO LA VIKUNDI

Mwaka wa 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa ripoti juu ya vijana waliomaliza shule ya msingi wakakosa pa kwenda. Kutokana nayo vyuo vya ufundi vya vijijini vikaanza, vingi kwa harambee. Tangu 2013 vile vya umma viko chini ya serikali za kaunti. Vingine vinaendeshwa na makanisa au watu binafsi.

Kujenga darasa tunajua. Je, kumtunza mwalimu tunajua? Mwalimu wa useremala akiondoka katikati ya muhula, randa na misumeno hufungiwa stoo, na vijana wanarudi nyumbani.

Chuo cha umma. Mwalimu aliyeandikwa kwa kudumu ana mshahara unaojulikana na pensheni. Hiyo ni nafuu kubwa. Lakini wanaoamua mambo yake wako mbali. Akiomba mbao za mazoezi, anaweza kungoja mpaka achoke.

Chuo cha kanisa au cha binafsi. Hapa meneja yuko karibu, na shida yaweza kusikizwa siku hiyo hiyo. Lakini mshahara hutoka kwa karo. Mavuno yakikosa, wazazi hawalipi, na mwalimu naye hapati. Wengine hawana hata barua ya kuajiriwa.

Mwaka wa 1959 Frederick Herzberg wa Marekani na wenzake walitoa kitabu baada ya kuwahoji wahandisi na wahasibu kama 200. Waliona kwamba yanayomuudhi mfanyakazi si yale yale yanayompa furaha. Mshahara mdogo na usimamizi mbaya huudhi. Ukivirekebisha, manung'uniko hupungua. Furaha hutoka kwa kazi yenyewe: kufaulu, kutambuliwa, kuaminiwa. Si wataalamu wote waliokubaliana naye, lakini sisi tunaona somo hapo.

Kuna kamati isemayo, "Huyu ana wito," kisha inakawiza mshahara. Nyingine yasema, "Si analipwa?" kisha haikanyagi darasani hata siku moja. Zote mbili zitampoteza mwalimu.

Tufanye nini?

1. Kama chuo ni chenu, mpeni mwalimu barua yenye kazi yake, mshahara na siku ya kulipwa.

2. Pesa zikikosa, mwambieni mapema, na deni liandikwe. Someni Yakobo 5:4, juu ya mshahara wa wavunaji uliozuiliwa.

3. Kama chuo ni cha umma, mshahara hauko mikononi mwenu. Lakini mnaweza kuchanga mbao au vitambaa, na kufuatilia maombi ya mwalimu kwenye ofisi ya kaunti.

4. Agizeni madawati na sare kwa chuo. Kijana akifaulu, mtajeni na mwalimu wake mbele ya watu.

Maswali ya kujadiliana

- Ni walimu wangapi wametuacha, na tuliwauliza sababu?
- Mwalimu wetu analalamikia nini? Anafurahia nini?
- Ni jambo gani moja tutafanya kabla muhula huu kwisha, na nani atalisimamia?