Kuchoma Uvimbe wa Ini kwa Joto: Mambo ya Kuuliza Kabla ya Kutia Saini

Mgonjwa anapoelezwa kuwa ana uvimbe wa saratani katika ini, huweza kutajiwa tiba kadhaa kwa pamoja: upasuaji, kupandikizwa ini, dawa, au kuuchoma uvimbe kwa joto. Tiba hii ya mwisho huwavutia wengi kwa kuwa kwa kawaida haihitaji kupasua tumbo. Katika somo hili tunaeleza inavyofanya kazi, inamfaa nani, na maswali ambayo mgonjwa ana haki ya kuuliza.

Inavyofanya kazi

Daktari hupitisha sindano nyembamba kwenye ngozi hadi ndani ya uvimbe, akiongozwa na picha za altrasaundi au za CT. Ncha ya sindano hutoa nishati ya mawimbi ya redio au ya mikrowevu, nayo huzalisha joto. Seli zikifikishwa kwenye nyuzi 60 za Selsiasi hufa karibu papo hapo. Daktari hukusudia kuunguza uvimbe wote pamoja na ukingo wa ini unaouzunguka, wa nusu sentimeta hadi sentimeta 1, ili asiache masalia ya saratani.

Inamfaa nani

Matokeo huwa bora zaidi uvimbe usipozidi sentimeta 3 na idadi isipozidi mitatu. Uvimbe ulio kando ya mshipa mkubwa wa damu ni mgumu kuunguza, kwani damu ipitayo huchukua joto na kuupoza. Ulio karibu na utumbo au mfereji mkuu wa nyongo unahitaji tahadhari, kwa kuwa joto halichagui. Hivyo, anayeahidi kwamba tiba hii inamfaa kila mgonjwa hasemi kweli.

Uvimbe mdogo kwa kawaida hauumi. Ndiyo maana watu wenye makovu ya ini, na baadhi ya wenye homa ya ini aina ya B, hushauriwa kupimwa kwa altrasaundi kila baada ya miezi 6, ili uvimbe ugunduliwe ukiwa bado wa kutibika.

Baada ya tiba

Maumivu, uchovu na homa ndogo kwa siku chache ni jambo la kawaida. Rudi hospitali upesi ukipata homa kali au isiyoshuka, maumivu makali ya tumbo, shida ya kupumua, kizunguzungu, au macho kuwa ya manjano. Dalili hizo huweza kuashiria kuvuja damu, jipu ndani ya ini, au kuumia kwa kiungo cha jirani.

Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni kwamba mafanikio hayajulikani siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Hujulikana kwa picha ya CT au MRI inayopigwa takriban mwezi mmoja baadaye, kisha kwa picha nyingine kila baada ya miezi michache. Sehemu iliyosalia ikionekana mapema, huweza kuchomwa tena. Aidha, joto huua uvimbe lakini haliponyi ini lenye makovu, na uvimbe mwingine waweza kuota. Familia iliyotumia akiba yote siku ya sindano, ikakosa fedha za picha, imelipia nusu ya tiba.

Uliza kabla ya kutia saini

1. Uvimbe una ukubwa gani, ni mingapi, na uko karibu na nini?
2. Je, jopo la madaktari, akiwemo daktari wa upasuaji, limejadili hali yangu?
3. Atakayenitibu amefanya tiba hii mara ngapi?
4. Je, mashine na sindano vimesajiliwa? Sindano iliyotengenezwa kutumika mara moja itafunguliwa ikiwa mpya?
5. Gharama yote ni kiasi gani, pamoja na picha za ufuatiliaji, na bima italipia nini?
6. Mkanijuza nini kuhusu kifaa changu cha moyo au dawa zangu za kuzuia damu kuganda?

Omba majibu ya gharama kwa maandishi, na uhifadhi nakala za picha na fomu ya ridhaa. Ukipata madhara unayodhani yametokana na kifaa, mweleze daktari wako, kisha utujulishe. Taarifa ya mgonjwa mmoja huweza kutuwezesha kukizuia kifaa kibovu kisimfikie mwingine.