Kukumbuka Pamoja na Watoto Wadogo

Katika Yoshua sura ya 4 twasoma ya kuwa Waisraeli, walipokwisha kuvuka mto wa Yordani, waliagizwa kutwaa mawe 12 mtoni na kuyasimamisha. Sababu yake yaelezwa papo hapo: siku moja watoto watauliza maana ya mawe hayo, na baba zao watawasimulia. Watoto wale hawakuwapo mtoni. Lakini kwa mtoto wa miaka mitatu au minne, hata mambo aliyoyaona mwenyewe hupotea upesi asiposaidiwa kuyashika. Basi mwezi huu tujifunze jinsi ya kumsaidia.

Wazazi wako namna mbili. Wengine huuliza kama mtu atahiniye: "Jumapili tulipeleka nini kanisani? Hukumbuki? Nini?" Mtoto hunyamaza, na mazungumzo hufa. Wengine humfungulia njia. Tutoe mfano wa Sikukuu ya Mavuno:

"Mwanangu, wakumbuka siku ya mavuno? Wewe ulimbeba nani?"

"Kuku."

"Naam, yule kuku mwekundu. Tulipofika mlangoni alifanyaje?"

"Aliruka!"

"Aliruka hata juu ya benchi la wazee, watu wakacheka. Nawe ulionaje moyoni?"

"Niliona haya."

"Uliona haya, kisha babu mmoja akamkamata, akakurudishia. Je, kwa nini tulimtoa kuku wetu?"

Mama huyu hupokea jibu dogo, huliongezea neno, kisha huuliza jambo jipya. Mwaka 1993 wataalamu watatu, Elaine Reese, Catherine Haden na Robyn Fivush, walitoa habari za uchunguzi wao huko Marekani. Walisikiliza mazungumzo ya akina mama na watoto wao, tangu watoto walipokuwa na miezi 40 hata miezi 70. Waliona ya kuwa watoto ambao mama zao walizidi kuongeza maneno namna hii tangu mwanzo, baadaye walikumbuka na kusimulia mengi zaidi.

Mambo ya huzuni nayo yasifichwe. Mtoto aliyeona bibi yake akizikwa ana maswali asiyojua kuyasema. Tukimnyamazisha, hubaki na hofu yake peke yake. Yafaa tumwulize aliona nini, tumweleze kwa nini watu wazima walilia, tumwambie tumaini letu la ufufuo. Akikosea jambo, tusimwite mwongo. Tumsimulie tulivyoona sisi. Akichoka, tumwache.

Ninyi walimu wa Katekisimo, angalieni jambo hili hasa. Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 Luther aliiandika kwa maswali, akawapa wenye nyumba wawafundishe watu wao. Huko jibu ni moja, nalo hushikwa kwa moyo, ni vema. Lakini desturi hiyo tusiitumie kumwuliza mtoto habari za maisha yake, kwa maana hapo hatumpimi, twakumbuka pamoja naye. Naye aliyezoea kukumbuka hivi atajua kumshukuru Mungu kwa jambo alijualo, wala si kwa maneno matupu.

Basi jioni, kabla ya sala ya nyumbani, baba au mama achague jambo moja la siku zilizopita, amwulize mtoto, amsikilize, amwongezee. Kisha jambo lilo hilo walitaje katika sala.